Kikao cha Kuchagua Bunduki ya Kuwindia Buku Mashambani

CHAMA CHA KULIMA PAMOJA (CHAKUPA)
Columbus – Louisville – Buffalo

KUMBUKUMBU ZA KIKAO MAALUMU CHA KAMATI YA MASHAMBA, JUMAMOSI TAREHE 30 MEI 2015

Mahali: Ukumbi wa chini wa kanisa, Whitehall, kitongoji cha Columbus. Kikao kilihamia shambani kwa sababu zilizoelezwa katika Kumb. Na. 4, na kilimalizikia katika banda la majani makavu la mwenye shamba.

Waliohudhuria:
Mzee Gatsinzi, Mwenyekiti (Whitehall)
Bi Jemimah, Katibu (Westerville)
Mama Nabintu, kiongozi wa akina mama wa shambani (Whitehall)
Bw. Ephraim, mjumbe, mhandisi (Westerville)
Ndugu Mushagalusa, mwakilishi wa Louisville
Dada Clémence, mwakilishi wa Buffalo (kwa simu)

Aliyetoa udhuru: Bw. Timothy, aliyepangiwa zamu ya Jumamosi ghalani.

Asiyehudhuria bila taarifa: Ndugu Sebagabo. Mwenyekiti alisema ataongea naye mwenyewe.

KUMB. NA. 1/5/2015: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti aliomba sala fupi. Sala iliongozwa na Mama Nabintu na haikuwa fupi. Baada ya hapo Mwenyekiti alimkaribisha Ndugu Mushagalusa, aliyetoka Louisville alfajiri, na kumpa pole ya safari. Ndugu Mushagalusa alishukuru, akaongeza kwamba Louisville huwa inasafiri kuja Whitehall kila mara, na kwamba hajawahi kuona Whitehall ikisafiri kwenda Louisville. Mwenyekiti alisema jambo hilo limesikika.

Dada Clémence alikuwa kwenye simu iliyowekwa katikati ya meza. Alisema yuko chumba cha mapumziko cha nyumba ya wazee anakofanya kazi, na kwamba akinyamaza ghafla watu wasidhani amekasirika. Ni mgonjwa tu atakuwa amemwita.

KUMB. NA. 2/5/2015: HALI YA MASHAMBA

Mwenyekiti alieleza sababu ya kuitisha kikao. Mashamba yote matatu ya chama yamevamiwa na buku. (Wanachama wamewapa jina hilo wale wanyama wanene wa huku Marekani wanaochimba mashimo na kula mchana kweupe.) Shamba la Whitehall limepoteza karibu mistari yote ya maharage ya upande wa msituni, na mboga za lenga-lenga zimeliwa zikiwa bado michipukizi. Louisville na Buffalo hali ni hiyo hiyo.

Mwenyekiti aliendelea kwamba kuliwa kwa maharage ni nusu tu ya shida. Mwenye shamba la Whitehall, Bwana Lowell, mzee tunayelima kwake kwa makubaliano ya mdomo, amesema mashimo yameanza kuingia kwenye malisho ya farasi wake. Hana ugomvi na chama. Lakini kama mashimo hayatadhibitiwa kabla hajaanza kukata majani, itabidi airudishe sehemu yetu kuwa malisho. Amesema tunaweza kuwapiga buku risasi sisi wenyewe tukitaka, au tukatafuta mtu, ila yeye magoti yake hayamruhusu tena kulala chini na kuvizia.

Mama Nabintu aliombwa aeleze habari za mguu wake. Alisema aliutumbukiza kwenye shimo la buku akiwa amebeba ndoo ya maji, mguu ukavimba, na mpaka leo anatembea na fimbo. Alisema hana la kuongeza.

Njia zilizojaribiwa zilitajwa. Uzio: walichimba chini yake. Pilipili ya unga: mvua iliiosha. Mtego wa sanduku: ulimkamata kicheche, na Bw. Timothy aliyekwenda kumfungulia alinyunyiziwa uvundo, akakataliwa kuingia nyumbani kwake mpaka alipovua nguo zote barazani.

Wajumbe walikubali kwamba imebaki bunduki.

Mama Nabintu aliomba iandikwe kwamba yeye hakukubali. Imeandikwa.

KUMB. NA. 3/5/2015: MTUTU NA RISASI

3.1 Mwenyekiti alikumbusha kwamba kikao cha Machi kilitaka, ikiwa bunduki itatumika, mashamba yote matatu yatumie aina moja ya bunduki na aina moja ya risasi, ili anayefundishwa Buffalo aweze kusaidia Louisville bila kuanza upya. Alimwomba Bw. Ephraim, ambaye amewahi kuwinda na wenzake wa kazini, aeleze kwa lugha ya watu wote.

3.2 Bw. Ephraim alieleza kwamba ndani ya mtutu kuna mifuo iliyosokotwa, nayo ndiyo inayofanya risasi izunguke inapotoka. Alifananisha na pia wanayochezea watoto: ikizunguka vizuri inasimama wima, ikizunguka polepole inalala. Mtutu ulioandikwa moja kwa kumi na mbili huizungusha risasi mara moja kila inchi kumi na mbili, na huo ni msokoto wa polepole. Moja kwa saba ni msokoto wa haraka. Risasi nyepesi na fupi hutosheka na msokoto wa polepole. Risasi nzito na ndefu inahitaji wa haraka, la sivyo huyumba na kufika kwa ubavu.

Alisema bunduki yake ni ya .223 (yaani takriban upana wa risasi kwa inchi), msokoto moja kwa kumi na mbili, na kwa buku inatosha kabisa ikipewa risasi nyepesi ya punje hamsini. Punje, alifafanua, ndicho kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi.

3.3 Ndugu Mushagalusa alisema maelezo hayo ni mazuri kwa mtu mwenye shamba dogo. Shamba la Louisville liko kando ya uwanja mpana wa majani, na upepo haupumziki. Yeye amenunua bunduki ya .223 yenye msokoto moja kwa saba, ambayo inabeba risasi nzito ya punje sabini na tano, na upepo hauisukumi ovyo. Alisema: "Bon, hii yangu inaweza kupiga nzito, inaweza kupiga nyepesi. Ile ya Ephraim inaweza moja tu. Donc, ni ipi iko na akili?"

3.4 Bw. Ephraim alijibu kwamba si kweli kabisa. Zile nyepesi zenye ganda jembamba, ukizizungusha haraka kupita kiasi, nyingine hupasuka hewani kabla hazijafika. "Kila mtutu una chakula chake, bro," alisema. Ndugu Mushagalusa alisema yeye si bro wa mtu, yeye ni mwakilishi wa Louisville.

3.5 Mwenyekiti alisema hoja yake ni nyingine. Bunduki aliyoleta Ndugu Mushagalusa ni nyeusi, ina umbo la kijeshi, na katika shamba hilo wanalima watu ambao mara ya mwisho kuona umbo kama hilo walikuwa wanakimbia. Alisema hiyo si bunduki ya shamba. Ndugu Mushagalusa alijibu kwamba mnyama hajui rangi ya bunduki, na kwamba Mwenyekiti ndiye anayeiogopa, asiwasingizie akina mama. Alisema yeye hana shida na bunduki. Anakwenda kwenye ukumbi wa shabaha na wenzake wa kiwandani na hajawahi kukosa karatasi. Mwenyekiti alisema yeye haogopi chochote.

3.6 Dada Clémence aliomba nafasi. Alieleza kwamba mwaka jana Buffalo waliazima kabunduki kadogo ka zamani, ambako risasi zake ni za madini ya risasi tupu, zinakwenda polepole na hazivunjiki. Mtu alimlenga buku, akamkosa. Risasi ikagonga jiwe, ikaruka, ikaenda kutulia kwenye ukuta wa jirani, juu kidogo ya kamba ambako yule mama alikuwa anaanika shuka. Hakuna aliyeumia. "Lakini yule mama hatusalimie tena," alisema. "Tukipita anaingia ndani. Miye sitaki msokoto wala nini. Nataka risasi yenye ikigusa udongo inakuwa vumbi."

Bw. Ephraim alisema hilo ni sahihi, na ndiyo sababu nyepesi yenye kasi ni salama zaidi: inavunjika pale pale ardhini. Ndugu Mushagalusa alisema hata yeye hakukataa nyepesi, anachokataa ni kuambiwa mtutu wake ni mbaya.

3.7 Mama Nabintu alisema amesikia habari za mtutu, habari za punje na habari za upepo, na bado hajasikia mtu anauliza habari za sauti. Maneno yake yanaandikwa kama alivyoyasema, kwa Kiswahili cha kwao, ambacho "njo" ni "ndiyo": "Munabishana namna ile kitu inazunguka. Miye naomba muniambie namna inalia. Bamama bale bako mu shamba, kuko mwenye alifichwa chini ya kitanda siku tatu. Kuko mwenye akisikia mulango ya gari inagongwa anakaa chini. Ile shamba njo pahali moja tu bamama bale banacheka. Mukipeleka sauti kule, bataenda wapi?"

Dada Clémence alisema kutoka kwenye simu, "Mama, pole."

3.8 Mwenyekiti alishauri kwamba badala ya kubishana mezani, wajumbe waende shambani wakajaribu bunduki zote mbili kwenye karatasi, Bwana Lowell akiwa ameshatoa ruhusa. Ndugu Mushagalusa aliafiki haraka. Mama Nabintu alisema atakwenda, lakini atakaa ndani ya gari la Katibu, vioo vikiwa vimefungwa.

KUMB. NA. 4/5/2015: MAJARIBIO SHAMBANI

4.1 Wajumbe walifika shambani kabla ya saa sita. Siku hiyo akina mama hawakuwepo, walikuwa wameombwa wasije. Karatasi ziliwekwa mbele ya tuta kubwa la udongo nyuma ya banda. Kila mtu alipewa vizuia sauti vya masikio. Dada Clémence alikuwa bado kwenye simu, mfukoni mwa shati la Mwenyekiti.

4.2 Bw. Ephraim alianza na bunduki yake na risasi nyepesi. Matundu yalikaa pamoja, yangefunikwa na kizibo cha chupa. Kisha, kwa kuombwa na Ndugu Mushagalusa, alipiga risasi nzito kwa mtutu ule ule. Karatasi ilipoletwa, matundu yalikuwa marefu kama kokwa za tende, mengine yamelala kabisa. Risasi zilikuwa zimefika kwa ubavu. Nyingine hazikuonekana kwenye karatasi.

Ndugu Mushagalusa alifurahi sana na kusema, "Munaona? Munaona?" Bw. Ephraim alisema ndivyo alivyokuwa akieleza tangu asubuhi. Ilionekana kwa wajumbe kwamba mabwana hawa wawili walikuwa wanasema jambo moja na wote wawili walikuwa sahihi, lakini hapakuwa na aliyetaka kuwa wa kwanza kulitamka.

4.3 Ikafika zamu ya Ndugu Mushagalusa. Alilala kifudifudi, akachukua muda, akapiga. Risasi iliingia katikati ya karatasi. Mlio ulikwenda mpaka kwenye msitu ng'ambo ya shamba, ukagonga miti, ukarudi.

Bw. Ephraim alimpongeza na kumwambia apige ya pili.

4.4 Ndugu Mushagalusa hakupiga ya pili. Hakuinuka pia. Kidole alikuwa amekitoa kwenye kifyatulio, lakini shavu lilibaki kwenye kitako cha bunduki na macho yalikuwa wazi. Bw. Ephraim alimwomba afungue chemba ya risasi. Alimwomba tena kwa jina. Mwenyekiti alipiga hatua mbili mbele, kisha akasimama, kama mtu asiyejua kama atakaribishwa.

4.5 Katibu alikuwa ndani ya gari pamoja na Mama Nabintu. Mama Nabintu alikuwa ameziba masikio kwa viganja tangu mlio wa kwanza, macho ameyafumba, na Katibu alikuwa amemshika bega. Alipofumbua macho na kuona watu wamesimama vile, aliuliza, "Yule mutoto iko na nini?" Kabla Katibu hajajibu, mama alikuwa ameshafungua mlango. Katibu alimwambia bunduki bado ina risasi. Alisema anajua.

Alitembea na fimbo yake mpaka pale. Alipita ubavuni, si mbele ya mtutu. Akajishusha kwenye nyasi kwa shida, kwa sababu ya ule mguu, akaweka mkono wake mgongoni kwa Ndugu Mushagalusa. Wajumbe walisikia maneno haya:

"Weka ile chini, mutoto wangu. Haraka haiko."

"Mama, imerudi."

"Nimesikia."

"Kule ndani, mu nyumba ya shabaha, sauti inakatika. Haina kurudi. Hapa imeenda mu miti, ikarudi."

"Nimesikia, baba. Weka chini. Ephraim ataibeba."

Ndugu Mushagalusa aliiachia. Bw. Ephraim alipiga goti, akaichukua polepole, akafungua chemba, akatoa risasi zote na kuipeleka garini bila kusema neno. Aliporudi alikuwa na chupa ya maji.

4.6 Ndugu Mushagalusa alikaa. Aliificha mikono yake makwapani. Mwenyekiti alivua koti lake la suti, akamfunika nalo mabegani, ingawa jua lilikuwa kali, kisha naye akakaa kwenye nyasi upande wa pili. Wakakaa hivyo watatu, Mama Nabintu, Ndugu Mushagalusa na Mwenyekiti, kwa muda. Dada Clémence aliuliza kutoka mfukoni kuna nini. Mwenyekiti alimjibu, "Tuko pamoja na ndugu yetu. Subiri kidogo."

4.7 Ndugu Mushagalusa alieleza jambo lililotokea kwao wakati wa kuvuna maharage, alipokuwa na umri wa miaka kumi na sita. Baadaye Katibu alimuuliza kama liandikwe. Aliruhusu yaandikwe haya tu: kwamba kulikuwa na kilima mbele ya shamba na msitu nyuma, na kwamba kwa sababu ya mwangwi watu hawakujua milio inatoka upande gani, wakakimbilia kulikokuwa na wenye bunduki. Baba yake alikuwa mbele.

Mwenyekiti alisema kwamba kwao pia kulikuwa na kilima. Hakueleza zaidi, na Ndugu Mushagalusa hakuuliza. Wajumbe wanaofahamu jinsi mabwana hawa wanavyosalimiana kwa mbali kwenye mikutano walitambua kwamba hawajawahi kukaa karibu kiasi kile.

KUMB. NA. 5/5/2015: BWANA LOWELL

5.1 Mwenye shamba alikuja kutoka nyumbani kwake akiwa na mtungi wa chai ya barafu. Alikuwa ameona watu wamekaa chini. Bw. Ephraim alimweleza kwa kifupi. Bwana Lowell alisikiliza, akavua kofia. Alisema kaka yake alirudi kutoka vitani Asia akiwa hivyo hivyo, na kwamba miaka mingi siku za fataki za sikukuu walikuwa wanampeleka kuvua samaki mbali, mahali pasipo na watu.

Kisha aliuliza swali ambalo kikao hakikuwa kimejiuliza: kutoka kwenye uzio mpaka kwenye mashimo ni umbali gani hasa? Bw. Ephraim alipima kwa macho, akasema hata yadi mia hazifiki. Bwana Lowell alisema basi .223 ya nini? Hiyo ni ya kuvuka uwanja mzima. Yeye, wakati magoti yake yalikuwa mazima, alitumia .17, kirisasi chembamba kama ncha ya penseli, chepesi mno, chenye kasi, na kikigusa udongo kinamalizika.

5.2 Dada Clémence alisema, "Hiyo njo yangu."

5.3 Bw. Ephraim alikiri kwamba hoja hiyo ina nguvu, ila .17 husumbuliwa na upepo, na Louisville kuna upepo. Wajumbe walimtazama Ndugu Mushagalusa. Alikuwa bado na koti la Mwenyekiti mabegani. Alizungumza kwa sauti ya chini lakini alieleweka. Alisema .17 haina mashindano ya misokoto. Karibu watengenezaji wote wanaikata moja kwa tisa, na risasi zake zote ni nyepesi, kwa hiyo hakuna mtu atakayenunua risasi isiyokubaliana na mtutu wake. Anayejifunza hawezi kukosea kama walivyokosea asubuhi. Kuhusu upepo alisema, "Louisville tutasogea karibu. Tutavizia. Buku wenyewe banakuja karibu na nyumba."

Bw. Ephraim alisema hajasikia mtu akieleza vizuri kuliko hivyo. Ndugu Mushagalusa alisema asante, bro.

5.4 Mama Nabintu aliuliza tena habari ya sauti. Bwana Lowell alisema anayo bado hiyo .17 ndani, na kama mama anataka anaweza kupiga moja aisikie. Kama hataki, yaishe. Bw. Ephraim alitafsiri. Mama Nabintu alimuuliza Ndugu Mushagalusa, "Weye utaweza?" Akasema ataweza kama mama naye ataweza. Mama akasema, "Basi, moja."

Hakurudi kwenye gari. Alisimama amemshika Ndugu Mushagalusa mkono, naye Mwenyekiti akasimama nyuma yao. Bwana Lowell aliegemea nguzo ya uzio, akahesabu kwa sauti ili wote wajue ni lini, akapiga mara moja kwenye tuta.

5.5 Mama Nabintu alishtuka, kisha akafungua macho. Alisema ni kama mlango unafungwa na mtu mwenye hasira. Alisema mlango anauweza.

Ndugu Mushagalusa alikuwa anasikiliza upande wa msitu. Akasema, "Hii haikurudi."

KUMB. NA. 6/5/2015: MAAZIMIO

Kikao kiliendelea bandani, wajumbe wakiwa wamekaa juu ya marobota ya majani.

6.1 Iliazimiwa kwamba mashamba yote matatu yatumie bunduki ya .17, ya kupakia risasi moja moja kwa mkono, yenye kitako cha mbao, mtutu wa msokoto moja kwa tisa, na risasi ya punje kumi na saba. Hakuna atakayepiga bila tuta au ardhi inayopanda nyuma ya shabaha, na hakuna atakayepiga upande wenye mawe. Aliyeko nchini kwa visa ya masomo hatashika bunduki ya chama mpaka apate ushauri wa mwanasheria, kwa kuwa sheria ya silaha yaweza kumkataza. Pendekezo lilitolewa na Dada Clémence, likaungwa mkono na Bw. Ephraim. Wote walikubali.

6.2 Mama Nabintu aliomba iandikwe kwamba sasa amekubali, ila kwa sharti lake. Imeandikwa.

6.3 Sharti lenyewe: hakuna risasi itakayopigwa wakati akina mama wako shambani, na hata wakiwa nyumbani wanaokaa karibu lazima wajulishwe kwanza. Wasijulishwe kwa ujumbe wa maandishi, kwa sababu wengine hawasomi na wengine simu zao ziko kwa watoto. Wapigiwe na mtu, wasikie sauti ya mtu kabla ya sauti ya bunduki.

6.4 Bw. Ephraim alichaguliwa kuwa mpigaji wa Whitehall. Ndugu Mushagalusa aliomba asichaguliwe Louisville, na atafutwe Ndugu Mugisho, mwanachama wa huko, ambaye ni mtulivu. Alisema hili bila kuinamisha kichwa. Mwenyekiti alisema kamati inamshukuru kwa kusema wazi, na kwamba bunduki yake nyeusi, akitaka kuiuza, Bw. Ephraim atamsaidia kuiuza kwa njia halali. Alikubali.

6.5 Ilipofika suala la nani atakuwa akiwapigia akina mama simu, Katibu alijitolea. Mama Nabintu alimshukuru, akasema hapana. Alisema anamtaka Mushagalusa.

Mwenyekiti aliuliza itawezekanaje, naye anaishi mtaa wa Iroquois, Louisville, mbali vile. Mama Nabintu alisema simu haijali mbali. Ephraim atampigia Mushagalusa, naye atawapigia akina mama wa Whitehall, na wa Buffalo kupitia kwa Clémence, na wa kwake kule. Dada Clémence alisema Buffalo inakubali.

Ndugu Mushagalusa alisema hajui kama anafaa. Aliuliza, "Mama, nitabaambia nini? Eti tunataka kupiga risasi?"

Mama Nabintu alisema: "Hapana. Usiseme risasi. Utasema, 'Mama, ni sisi.' Njo ile tu. Mutu mwenye hajasikia ile kitu atasema maneno mingi. Weye utasema ile na batajua."

Ndugu Mushagalusa aliitikia kwa kichwa. Bw. Ephraim alitazama nje. Mwenyekiti alikuwa na kikohozi.

6.6 Iliazimiwa hivyo kwa kauli moja.

KUMB. NA. 7/5/2015: MENGINEYO

7.1 Mwenyekiti aliwajulisha wajumbe kwamba kikao kijacho kitafanyika Louisville, na kwamba atakwenda na gari lake mwenyewe na yeyote atakayetaka kupanda.

7.2 Mama Nabintu aliwajulisha wajumbe kwamba Ndugu Mushagalusa hasafiri leo. Atakula na atalala kwake, na kesho baada ya ibada ndipo atapewa ruhusa. Ndugu Mushagalusa alisema Jumatatu ana zamu ya asubuhi. Mama alisema Jumatatu si kesho.

7.3 Dada Clémence aliomba radhi, mgonjwa anamwita. Kabla ya kukata aliwataka wajumbe wamwambie Bwana Lowell kwamba Buffalo wanamsalimia.

KUMB. NA. 8/5/2015: KUFUNGA KIKAO

8.1 Mwenyekiti aliuliza kama kuna jambo limebaki. Ndugu Mushagalusa alisema liko moja, angependa kujaribu kazi aliyopewa, asije akaharibu siku yenyewe. Alitoka nje ya banda. Wajumbe walimwona amesimama kando ya uzio, amegeukia malisho, simu sikioni.

8.2 Simu ya Mama Nabintu iliita mfukoni mwa sketi yake. Aliiacha iite kidogo, kama mtu anayetoka mbali kuijia. Kisha akapokea.

Wajumbe hawakusikia alichoambiwa. Walisikia alichojibu: "Asante, mutoto wangu. Nimesikia. Endelea na kazi."

8.3 Wajumbe hawakuwa na moyo wa kujadili jambo jingine baada ya hapo. Mwenyekiti alikifunga kikao saa tisa alasiri, akamwomba Mungu awafikishe wote nyumbani.

Imethibitishwa kuwa kumbukumbu sahihi za kikao:

Mwenyekiti: ....................................
(Mzee Gatsinzi)

Katibu: ....................................
(Bi Jemimah)